Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Kompyuta, Nani wa Kusikilizwa?

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Muheza na Pangani. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu atajuaje kwamba anayosoma kuhusu prosesa, RAM au diski ni ya kweli, na yanaifaa mashine aliyonayo?

Swali: Habari za kazi, wahariri. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Ngamiani. Siku hizi wateja wanakuja na maneno ya mitandaoni kunizidi: mara DDR5 (aina mpya ya RAM), mara NVMe (diski za kasi), mara prosesa za akili mnemba. Nikiingia intaneti kila tovuti inasema lake, na bando linakatika kabla sijaelewa. Nianzie wapi nisibaki nyuma? – *Fundi, Ngamiani*

Jibu: Fundi, hesabu kwanza mashine zilizopita mezani kwako mwezi uliopita. Kama nyingi ni mtumba wa ofisini, yaani Intel kizazi cha 6 hadi cha 10, basi zilitoka kiwandani kati ya 2015 na 2020, na habari unazozihitaji zaidi ziliandikwa miaka hiyohiyo. Anayesoma leo kipimo kizuri cha 2018, kuhusu mashine iliyoingia mjini wiki hii, hajachelewa hata kidogo. Wapo wanaoijua kadi ya picha iliyotangazwa jana Marekani lakini hawajui kama Dell iliyo mbele yao ina sloti moja ya RAM au mbili. Huko ndiko kubaki nyuma.

Kwa hiyo chanzo cha kwanza ni karatasi za mtengenezaji mwenyewe. Lenovo wana hazina yao iitwayo PSREF, ambamo kila modeli ina PDF yake. HP hutoa mwongozo wa matengenezo wa kila modeli. Dell watakupa wa kwao ukiingiza ile namba ya herufi na tarakimu 7 iliyobandikwa chini ya mashine. Humo utakuta aina ya RAM na kiwango cha juu kinachopokelewa, urefu wa diski ya M.2 (ile nyembamba inayochomekwa kwenye bodi), na katika miongozo ya matengenezo, skrubu ziko wapi na kipi kinatangulia kufunguliwa. Kwa prosesa, Intel wana orodha iitwayo ARK, na AMD wana kurasa za namna hiyo. Chagua modeli kumi zinazoingia kwako mara nyingi, pakua PDF zake usiku mmoja wenye bando la bei nafuu, zikae kwenye simu. Mteja akisimama mbele yako huhitaji hata mtandao.

Chanzo cha pili ni watu wanaopima. Tom's Hardware ipo tangu 1996 na ina kumbukumbu ndefu. Notebookcheck hupima kompyuta mpakato kwa undani: joto, kelele ya feni, mwangaza wa kioo, muda wa betri. TechPowerUp wana orodha kubwa ya kadi za picha na diski za SSD. Ukishughulika na zile kompyuta ndogo zenye ujazo kama wa lita moja za Dell, HP na Lenovo, ServeTheHome walizipima moja baada ya nyingine katika mradi wao wa TinyMiniMicro, na kwa soko letu la mtumba hatujaona usomaji unaofaa kuliko huo. Anayefunga Linux kwa wateja asome Phoronix. AnandTech, iliyoanza 1997, iliacha kuchapisha tarehe 30 Agosti 2024, lakini makala zake za miaka ya 2010 bado ni darasa. Ukurasa usipofunguka, utafute katika Wayback Machine, hazina ya kurasa za zamani ya Internet Archive.

Kuhusu video, Gamers Nexus na Hardware Unboxed wanapima kwa uangalifu na wanaonyesha namna walivyopima. Tatizo ni bando. Video ya nusu saa yenye picha safi inakula megabaiti mamia, na wewe ulitaka chati mbili tu. Vipimo vingi vya Hardware Unboxed huandikwa pia katika TechSpot, na Gamers Nexus nao wana tovuti ya makala. Soma maandishi. Video iache kwa mambo ya kuonyeshwa kwa mkono, kama kufungua kioo au kubandua betri iliyogundishwa. Hata hapo iFixit wana picha za hatua kwa hatua.

Habari za kila siku weka mwisho. Sakinisha programu ya kusoma RSS, inayokusanya habari mpya za tovuti mahali pamoja, mfano Feeder ya Android, uiwekee tovuti tatu au nne tu, usome vichwa vya habari mara moja kwa juma. Kisha kila habari nzito ifuatilie mpaka kwa mwenye kifaa. Chukua mkasa wa prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14. Mapema 2024 watumiaji walilalamika mashine zinazima na michezo inakatika. Dhana zilikuwa nyingi. Julai mwaka huo Intel walieleza kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi. Agosti ikatoka maikrokodi (marekebisho ya programu ya ndani ya prosesa) 0x129, Septemba ikafuata 0x12B, na dhamana ya modeli zilizohusika ikaongezwa miaka miwili. Aliyeishia kwenye uvumi alijua tu kwamba "Intel mbovu". Aliyefuata mpaka mwisho anajua la kufanya mtu akimletea i9-13900K ya mtumba: aingie ukurasa wa mtengenezaji wa bodi, aweke BIOS (programu ya kuwashia mashine) yenye maikrokodi mpya kabla ya kitu kingine, kisha aibebeshe kazi nzito kwa saa kadhaa kabla ya kulipa. Maikrokodi huzuia uharibifu mpya. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponi.

Swali: Shikamooni. Mimi ni mwalimu Muheza. Muuzaji ananipa kompyuta mpakato ya "Core i7" na kunihakikishia kuwa inazidi i5 yoyote. Je, nimwamini? Na nitahakiki wapi mwenyewe? – *Mwalimu, Muheza*

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Usinunue kwa maneno hayo mawili. "Core i7" ni jina la ukoo. Unachotaka ni jina kamili. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, gusa CPU. Juu kulia utaona namba nzima, tuseme i7-7600U. Iandike na uitafute katika ARK.

Tulinganishe mbili zinazokutana sana sokoni. i7-7600U ni ya mwanzo wa 2017, ina kori 2 (vitengo vya kufanyia kazi) na nyuzi 4 (kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja). i5-8250U ilitoka baadaye mwaka huohuo, ina kori 4 na nyuzi 8. Ukifungua kivinjari, Word na mkutano wa video kwa wakati mmoja, hiyo i5 ndiyo itakayokwenda bila kukwama. Tena i7-7600U haimo katika orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, ilhali i5-8250U imo. Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kwako jambo hili si dogo. Ukiwa hapohapo dukani andika tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafutia. Inatakiwa ionyeshe toleo 2.0 la TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaitaka.

Tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo kizazi: 7600 ni cha 7, 8250 ni cha 8, 10210 ni cha 10. Herufi ya mwisho nayo inasema. U ni ya kuokoa betri, H ni ya nguvu zaidi na joto zaidi, na T, katika kompyuta za mezani, ni ya wati chache.

Kwa AMD uwe mwangalifu zaidi. Katika Ryzen za mpakato za mfululizo wa 7000, tarakimu ya kwanza ni mwaka wa modeli, na ya tatu ndiyo inayotaja usanifu wa ndani. Ryzen 5 7520U ni Zen 2, usanifu wa 2019. Ryzen 5 7540U ni Zen 4. Kwa macho zinakaribiana kama mapacha, kwa kazi ziko mbali sana, na kibandiko cha nje ni "Ryzen 5" zote mbili.

Swali: Kuna mpimaji wa Marekani alisema prosesa yangu ikifungwa feni ninayoitumia haizidi nyuzi 70 katika kazi nzito. Kwangu Chumbageni inafika 85. Alidanganya, au nimepigwa feni bandia? – *Mwanafunzi, Chumbageni*

Jibu: Huenda hakuna aliyedanganya. Rudi kwenye kipimo chake utafute joto la chumba alimopimia. Mpimaji makini huliandika. Asipoliandika, tarakimu zake za joto usizitegemee. Tuseme chumba chake kilikuwa nyuzi 22. Prosesa ilifika 70, maana yake ilizidi joto la chumba kwa nyuzi 48. Feni haiwezi kukupa hewa baridi kuliko ile iliyomo chumbani. Februari au Machi, chumba cha Tanga kisicho na kiyoyozi hufika 32 bila shida. Jumlisha 32 na 48: nyuzi 80. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa kuwa kasi ya feni nayo hubadilika, lakini inakupa mwanga. Katika nyuzi 15 ulizomzidi, kumi ni za hali ya hewa. Tano zilizobaki ndizo za kutafuta mashineni.

Zima, chomoa waya, fungua kava. Shika pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke, kisha toa vumbi kwa brashi laini na pampu ya hewa. Mji wa pwani una adha yake: vumbi lenye chumvi hufyonza unyevu na kuganda katikati ya mapezi ya aluminiamu, mithili ya unga uliolowa, na kupuliza peke yake hakutoshi. Ukiona unga mweupe uliong'ang'ania mapezi, au ukijani kwenye mabomba ya shaba, hiyo ni kutu ya chumvi. Ng'oa feni na mapezi yake, futa pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na mapezi) kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke, weka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko katikati ya prosesa, ufunge skrubu kwa mshazari, kila moja kidogokidogo. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine, pesti husukumwa pembeni na joto hupanda kuliko mwanzo.

Nyuzi 85 peke yake haziui. Prosesa nyingi za Intel za mezani hujipunguzia kasi zikikaribia 100. Ila ukiona kasi inashuka katikati ya kazi, hapo umeshafika ukingoni.

Na wakati unasoma vipimo vya pawa saplai, angalia umeme uliotumika. Marekani hupima kwa volti 115. Sisi tunatumia 230, na katika 230 ufanisi huwa juu kidogo. Mpimaji mzuri huonyesha jedwali la umeme wa namna zote mbili.

Swali: Nina steshenari Pangani. Nilinunua RAM ya GB 8 ya DDR3 kwa ajili ya HP yangu ya mpakato ya kizazi cha 4. Imeingia vizuri kabisa, lakini mashine inalia mlio na kioo hakiwaki. Muuzaji anasema RAM ni nzima, kaijaribu kwenye mashine nyingine. Nani mkweli? – *Mama wa steshenari, Pangani*

Jibu: Mama, muuzaji anaweza kuwa mkweli na RAM isikufae. Tazama kibandiko chake. Kama kimeandikwa PC3-12800S, hiyo hutumia volti 1.5. Kompyuta mpakato nyingi za kizazi cha 4 zinataka PC3L-12800S, ya volti 1.35. Tofauti ni herufi L peke yake. Pini ni 204 kote kuwili na pengo liko mahali pamoja, ndiyo maana imeingia bila kulazimishwa. Ukifungua mwongozo wa matengenezo wa modeli yako utakuta sehemu ya kumbukumbu imeandikwa DDR3L. Rudi ukabadilishe, umwonyeshe muuzaji ukurasa huo. Watu wengi hulegea wakiona karatasi ya kiwandani.

Kwa wengine wanaosoma: DDR4 ya mpakato ina pini 260, DDR5 ina 262, na mapengo yao yako tofauti, kwa hiyo hizo haziingiliani. Mtego wa kuingia-bila-kufanya-kazi upo tena kwenye diski za M.2. Diski ya SATA na ya NVMe zote mara nyingi huwa na upana wa milimita 22 na urefu wa 80, ndiyo namba 2280. Sloti nyingine hupokea moja tu kati ya hizo. Kwa kawaida yenye mapengo mawili ni SATA na yenye pengo moja ni NVMe, lakini zipo NVMe chache zenye mapengo mawili, basi usiamue kwa macho tu. Soma mwongozo kwanza, kisha namba ya diski. Kosa hapa ni ghali: SATA inaishia megabaiti kama 550 kwa sekunde, NVMe ya PCIe 3.0 yenye njia nne hufikia 3,500.

Swali: Nitajuaje kama tovuti inapima kweli au inapamba? – *Msomaji, Makorora*

Jibu: Tafuta picha walizopiga wenyewe, toleo la BIOS, joto la chumba, jina la programu ya kupimia na idadi ya mara walizorudia. Tovuti inayoweka vifaa viwili kando kwa kando na kutoa "alama" bila kueleza imezipataje, mara nyingi imenakili tu karatasi za viwandani. Afadhali uzisome mwenyewe. Angalia kama wanasema kifaa walikinunua au walipewa. Kupewa si kosa, kuficha ndilo kosa. Na kipimo kisichotaja hata dosari moja, kiache.

Angalia tarehe pia. Zipo diski za SSD zilizobadilishwa chipu za ndani baada ya miezi, huku jina la nje likibaki lilelile, hivyo sifa za toleo la kwanza haziihusu unayoishika leo. Kwa uimara wa diski ngumu (hard disk), Backblaze, kampuni ya kuhifadhi data, huchapisha kila robo mwaka takwimu za kufa kwa diski zao, zaidi ya 300,000. Kumbuka tu kwamba zao hukaa kwenye vyumba vya seva vyenye ubaridi na umeme usiokatika. Kwa diski moja ya mtumba, programu ya CrystalDiskInfo itakueleza saa ilizofanya kazi na sekta zilizoharibika. Sekta zilizohamishwa zikianza kuongezeka kila juma, hamisha mafaili yako siku hiyohiyo.

Swali: RAM imepanda bei ghafla. Ni wauzaji wetu wanatukamua? – *Mteja, Barabara ya 12*

Jibu: Kupanda kwa mwishoni mwa 2025 kulikuwa kwa dunia nzima: watengenezaji wa chipu walielekeza viwanda kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba, na za kawaida zikapungua sokoni. Mwenendo huo huripotiwa na TrendForce, kampuni inayochunguza soko la chipu, na Tom's Hardware huufafanua kwa lugha nyepesi. Ukihitaji kuongeza RAM kwenye mashine ya mtumba, mara nyingi ni nafuu kutafuta mashine inayokuja nayo tayari kuliko kununua kijiti peke yake. Kwa anayeweza kusubiri prosesa au kompyuta mpakato, matangazo makubwa huja Januari kwenye maonyesho ya CES, Las Vegas, na kuelekea katikati ya mwaka kwenye Computex, Taipei.

Swali: Kiingereza changu ni cha kusuasua. Nikitumia kitafsiri cha simu, maneno yanachanganya. Nifanyeje? – *Kijana anayejifunza ufundi, Raskazone*

Jibu: Tumia kitafsiri kwa aya za maelezo, usikitumie kwa jedwali. Vitafsiri hukosea zaidi maneno ya ufundi: programu inayoendesha kifaa (driver) hugeuka dereva wa gari, na njia ya data (bus) hugeuka basi la abiria. Baya zaidi ni pale RAM na nafasi ya diski zote mbili zinapoitwa "kumbukumbu", ukadhani mashine ina RAM ya GB 256. RAM ya mashine za kawaida huwa 4, 8, 16 au 32; ukiona 128, 256 au 512, hiyo ni diski.

Katika jedwali, soma namba na vifupisho kama vilivyo: DDR4, SO-DIMM, M.2, PCIe, W, V. Maneno ya Kiingereza yanayojirudia katika PDF hizi si mengi. Chukua daftari, kila ukikutana na moja liandike pamoja na picha ya kifaa chenyewe, mahali kinapokaa kwenye bodi na kifupisho chake. Anza na PDF ya mashine uliyo nayo nyumbani, uifungue kava huku ukisoma, uguse kila kilichotajwa mpaka ukurasa wa mwisho.